Alipofika Mwanakheri

Jumatatu ya tarehe kumi Februari, mwaka elfu mbili na ishirini na tano, mara tu baada ya adhuhuri, ndipo kila kitu kilipoharibika. Si siku aliyokufa Mwanakheri, la. Lawama za siku ile Usi alikwishazigawa mafungu mawili: fungu moja la Mungu, na la Mungu halina kesi, fungu la pili la daktari mkubwa aliyekuwa semina hotelini, anatafuna sambusa za wafadhili, na huku mgonjwa wake anatafuta pumzi haioni. Siku hiyo ililiwa machozi ikaisha, ikasomewa khitma. Hii ya Februari ndiyo iliyomwacha mikono mitupu.

Siku hiyo alikuwa ameamua. Alioga, akavaa kikoi safi, akafunga mlango wa chumba, akaitoa laptopu ya marehemu mkewe chini ya mto, akaichomeka kwenye umeme. Ilikuwa imelala humo tangu Mwanakheri alipopelekwa hospitali, na betri yake ilikuwa imekufa kabisa. Kila alipotaka kuifungua alijipa sababu. Khitma kwanza. Halafu arubaini ipite. Halafu leo mkono unauma. Ukweli ni kwamba ndani ya kidude kile kulikuwa na kitu cha mwisho cha mkewe, ndani ya gemu lake la Kijapani, ambacho yeye hajakiona, na cha mwisho ukishakiona hakuna chengine.

Kitaa cha pembeni mwa laptopu kikawaka. Usi akapiga bismillahi. Ghorofa ya juu, ambako wasimamizi wa jumba walikuwa wamewatoa wapangaji wakapageuza pahala pa kulaza watalii, mtu akawasha viyoyozi vipya vyote kwa pamoja. Umeme ukazimika, kisha ukarudi kwa hamaki. Taa ikapasuka, feni ikalia kama mbuzi anayeshikwa mguu, na kwenye tundu la laptopu ukatoka uzi mwembamba wa moshi.

"Wallahi wameniulia mke mara ya pili," Usi alisema, akauchomoa waya ukutani.

Sasa mtu atauliza: bibi wa Kiunguja, mjuzi wa uradi na kashata, na gemu la Kijapani, wapi na wapi? Basi kisa chenyewe ni hiki. Mwanakheri alikuwa na sukari, na sukari ikamla mguu mpaka ukakatwa juu ya goti. Ngazi za majumba ya Mji Mkongwe mnazijua, ni kama kupanda mnazi. Mwenye mguu mmoja akishapandishwa juu, ndiyo kapandishwa. Mwanakheri, aliyekuwa hakosi harusi wala khitma kuanzia Malindi mpaka Vuga, akabaki kutazama ukuta ambao mumewe mwenyewe, fundi wa chokaa, alikuwa ameupaka.

Mtoto wa kaka yake, Mahfoudh, wakati huo alikuwa akishusha makontena Mwanakwerekwe, yale ya mitumba ya Japani: mafriji, baiskeli, mashine za kufulia. Siku moja akaokota humo mashine ya gemu, kuukuu, na diski yake imo mdomoni. Akamletea shangazi yake, apitishie wakati. Diski ilikuwa ya Kijapani mwanzo mpaka mwisho, maandishi yake kama uzio wa miba, hakuna aliyejua hata jina lake. Ndani yake kulikuwa na mwanamke mwembamba aliyevaa kofia pana ya majani, upanga kiunoni, anakwenda kwa miguu nchi nzima, vijiji na madaraja na milima yenye theluji, na kila baada ya hatua anatokewa na watu wa kupigana naye.

Mwanakheri akampa jina, Bi Ukili, kwa ajili ya ile kofia iliyosukwa kama ukili wa mkeka. Na kwa kuwa maneno hayasomeki, hadithi akaitunga mwenyewe. Usi akirudi kazini na chokaa imemkauka mikononi, anamkuta mkewe kitako, kidude cha kuchezea kimo mapajani, vidole vinakimbia.

"Njoo uone, Usi. Huyu mwenye tumbo ndiye sheha wao. Anamwambia Bi Ukili: huna kibali cha kulala hapa, kalete barua."

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema barua anayo, iko kwenye upanga."

Na hapo Bi Ukili anamchapa yule mwenye tumbo mpaka anatawanyika kuwa majani. Usi alikuwa akicheka mpaka anajipangusa macho. Maadui wote, Mwanakheri aliwafanya wakubwa. Huyu wa bandarini, huyu wa mikopo, huyu mwenye kofia ya pembe ndiye aliyekula mifereji ya maji. Wenzake walikuwa na redio na maneno ya barazani. Usi alikuwa na Bi Ukili. Na Mwanakheri, asiyeweza kushuka mwenyewe kwenda chini kununua mkate, alikuwa akimaliza nchi nzima kwa miguu.

Lakini kulikuwa na tatizo. Gemu lile, ili likumbuke ulipofika, lazima Bi Ukili aende kwenye kijumba chekundu cha ibada zao, chenye kamba na karatasi nyeupe, apige magoti, ainame mpaka paji la uso liguse chini. Hapo ndipo linaandika. Ukizima bila ya hivyo, kesho unaanza upya.

Mwanakheri alikataa katakata.

"Si gemu tu, Mwanakheri?" Usi alimwambia. "Kitu cha kioo hicho."

"Kioo chao, kidole changu. Mimi nimenyimwa hata kusujudu, nnasali kitako juu ya kiti. Leo nikamsujudishe huyu kwa kijumba? Kichwa hiki kinainama kwa Mmoja."

Basi mashine ikawa haizimwi. Anaisimamisha tu, inakesha inanguruma, na umeme wa kununua ukiisha, nchi nzima inafutika na Bi Ukili anarudi kijiji cha mwanzo. Mwanakheri hakulalamika. Anasema alhamdulillahi, anaanza tena. Mahfoudh ndiye aliyechoka kwa niaba yake. Akaja na laptopu ya mtumba na programu aliyoiita emuleta.

"Hii inajifanya mashine ya gemu, shangazi. Diski yako nimeshaitia ndani. Na huku huna haja ya kijumba. Popote ulipo, hata upanga uko hewani, bonyeza kitufe hiki, yeye anaganda pale pale. Kesho bonyeza hiki, anaendelea."

"Bila ya kuinama?"

"Bila ya kuinama."

Mwanakheri aliusoma ule uso wa mtoto aone kama anafanyiwa mzaha, kisha akamwombea dua ndefu. Kile kitufe akakiita amana. "Nimemweka amana," anasema, anafunga laptopu, anaomba kiti chake cha kusalia.

Na siku ile waliyokuja kumbeba kumpeleka hospitali, mapafu yamejaa maji, Usi yuko mlangoni anahangaika na wabebaji juu ya zile ngazi, Mwanakheri akamwita. Uso wake ulikuwa umevimba lakini unacheka.

"Leo nimemfikisha pahala, Usi. Pahala! Nimemweka amana. Usiguse, nikirudi ntakuonesha."

"Pahala gani?"

"Nikirudi, bwana we."

Hakurudi. Na ndiyo maana Usi, pamoja na hasira zake zote, hakuwa akitaka fidia wala pole siku ile ya Februari aliyofunga laptopu iliyoungua ndani ya kanga na kushuka nayo. Alitaka kuona pahala.

Kwanza alipita kwa Bwana Hamid, msimamizi wa jumba, ofisini kwake ukumbini chini.

"Mzee Usi," Hamid alisema, macho kwenye simu, "ulichomeka kifaa bila ya kinga ya umeme. Mkataba unasema wazi, kila mpangaji na kinga yake."

"Mkataba nimeusoma na nani? Mimi nnasoma Juzuu Amma na jina langu."

"Ungeuliza."

"Nyie mlipofunga mafriji yenu ya kupozea Wazungu, mliniuliza?"

"Yale maendeleo, mzee wangu."

"Maendeleo yenu kila yakipita mlangoni kwangu yanaondoka na kitu. Safari ya mwanzo yaliondoka na tangi la maji. Safari hii hata sijui niseme yameondoka na nini."

"Andika malalamiko, nitayafikisha juu."

"Juu wapi? Juu si ndiko ulikotoka umeme?"

Vijana wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka. Hamid hakucheka, na hakuandika kitu.

Masuma alikuwa na duka Mkunazini, duka la redio enzi za baba yake, sasa la simu na kompyuta. Mwanamke wa makamo, miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na ulimi mwepesi.

"Shikamoo, Mzee Usi. Umeniletea maiti?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo, maiti. Tazama kama ina roho."

Akaifungua kwa bisibisi ndogo, akainusa kama mpishi anavyonusa sufuria. Ubao umekufa, alisema, lakini kumbukumbu huenda ikawa hai. Akaichomoa, akaichomeka kwenye mashine yake, akangoja. Usi alikuwa amesimama, hakutaka kiti.

"Vyengine vimetoka, vyengine vimeungua," Masuma alisema mwishowe. "Emuleta yenyewe imeharibika. Lakini diski ya gemu imetoka nzima. Na hiki hapa, cha tarehe ya mwisho kabisa..."

"Ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo amana."

"Basi kazi imekwisha. Emuleta ni programu tu, ntakutilia mpya. Kaa kitako, mzee, usinisimamie kama askari."

Akakaa. Na kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa Usi alikuwa mtu mwengine. Alimweleza Masuma habari za sheha mwenye tumbo. Masuma akacheka, akasema huyo anamjua, anaishi mtaa wa pili. Kisha muziki ukaanza, ile zumari yao ya mianzi, na Bi Ukili akasimama kwenye kioo, kofia yake ile ile. Usi akashika ukingo wa meza.

Masuma akaiita amana. Kioo kikatoa maandishi ya Kiingereza ndani ya kisanduku. Akajaribu tena. Kisanduku kile kile.

"Inasemaje?"

"Inasema..." Masuma alivua miwani. "Amana hii iliwekwa na emuleta ya zamani. Hii mpya haiitambui."

"Haiitambui vipi? Si gemu lile lile?"

"Gemu lile lile. Lakini hii si kumbukumbu ya gemu, mzee. Ni kumbukumbu ya emuleta. Ile iliyoganda ndiyo inayojua kujigandua."

"Ah," Usi alisema, "kama ofisi ya viinua mgongo. Kaja mkubwa mpya, makaratasi ya mkubwa wa zamani si makaratasi tena. Nenda kamtafute aliyekufa akusainie."

Wakampigia Mahfoudh, ambaye siku hizi yuko Maskati, anaendesha gari la maji. Sauti yake ilikuja na upepo.

"Emuleta ipi? Mzee, ile nilichukua kwa flashi ya jamaa mmoja wa Jang'ombe. Yeye mwenyewe alikuwa kaichezea-chezea ndani iende kwenye mashine dhaifu."

"Jamaa yuko wapi?"

"Alikwenda bara, simu yake haipatikani. Na flashi nilishaifuta, niliweka kaswida." Kisha akauliza: "Mzee, shangazi alifika wapi?"

"Ndilo ninalotaka kujua mimi," Usi alisema, na akamrejeshea Masuma simu.

Masuma hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alizitafuta emuleta za zamani huko mtandaoni zinakowekwa, mwaka baada ya mwaka, akawa anazijaribu moja moja kila anapopata nafasi, na Usi akawa anakuja kila siku baada ya alasiri, anakaa pembeni na kofia mapajani. Nyengine zilikataa kwa kisanduku. Nyengine zilikufa bila ya neno. Moja tu ndiyo iliyoipokea amana. Kioo kikawa cheusi tititi, lakini kwenye spika ndogo ikasikika mvua. Mvua ya kweli, inayopiga juu ya majani makavu, na kwa mbali kitu kama kengele ya mbuzi.

Masuma akanyoosha mkono azime.

"Iache," Usi alisema.

Wakaisikiliza. Mteja aliingia, akataka kioo cha simu, Masuma akamwashiria angoje. Kisha mvua ikakwama kwenye tone moja, likawa linajirudia, tak, tak, tak, na mashine ikafa.

Walijaribu tena na tena. Haikutoa tena hata mvua.

"Mzee Usi, nikuulize," Masuma alisema siku hiyo, polepole. "Hakuwahi hata mara moja kuliandikisha gemu lenyewe? Kwenye kile kijumba? Maana kumbukumbu ya gemu yenyewe haijali emuleta. Ingefunguka popote, hata miaka hamsini ijayo. Nimetazama, ile kadi yake ya kuandikia kumbukumbu ni tupu. Nyeupe."

Usi akamweleza habari ya kuinama.

Masuma akageuza bisibisi vidoleni. "Mara moja tu," alisema, kama anajisemea. "Angeinama mara moja tu."

"Usimseme!" Usi alisimama, kofia ikaanguka. "Usimseme mke wangu. Yeye kakosa nini? Kaweka amana, akaaminishwa amana itarudi. Waliounguza ni wengine. Na huyo aliyetengeneza emuleta mpya asiitambue ya jana, naye ni mkubwa tu kama hao, kakaa huko kwenye kiyoyozi chake, anafuta watu."

"Sikumsema kwa ubaya, mzee. Mimi pia nisingeinama, pengine."

"Pengine," Usi alisema, akaokota kofia.

Masuma akamwekea gemu kutoka mwanzo, akampa kidude cha kuchezea. Kama hatuwezi kuifungua amana, alisema, labda wewe mwenyewe uende kwa miguu mpaka alipofika. Usi alijaribu. Vidole vyake vililiwa na chokaa toka ujana, havikunjiki vizuri, na macho hayawahi. Bi Ukili wake alitoka kijiji cha mwanzo, akafika darajani, na mtu wa kwanza aliyemtokea akamlaza chini. Tena. Tena. Yule mtu alikuwa mlinzi wa daraja tu, mwenye fimbo, Mwanakheri alikuwa akimwita mpokea ushuru na kumaliza naye huku anapiga miayo.

"Mimi si wa huko," Usi alisema, akakiweka kidude mezani taratibu, kama kikombe cha mtu. "Mwanakheri alijifunza miaka. Mimi miaka hiyo sina, na waliobakia nayo hawanipi."

Alikaa wiki bila ya kwenda Mkunazini. Juu watalii waliburuta masanduku yao ya magurudumu, dari ikawa inapukutika unga wa chokaa juu ya kitanda chake. Aliuacha. Siku za nyuma angepanda ngazi apatie viraka.

Masuma ndiye aliyemtumia mtu kumwita.

"Usitumaini kitu kikubwa," alimwambia kabla hata ya salamu. "Nimeipasua ile amana, nione kilichomo. Zinapowekwa, huwa zinajipiga picha. Ndogo, ya kumkumbusha mtu alipokuwa. Hiyo haijaungua."

Akaigeuza kompyuta.

Ilikuwa ndogo kama ukucha. Usi akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Masuma akaikuza, na ilivyokua ikavunjika vipande vya mraba, kijivu na kahawia, kama sakafu ya marumaru. Akairudisha ndogo. Ikitazamwa kwa mbali kidogo, macho yakiwa yamefinywa, ilikuwa inaonekana. Mvua ya mshazari. Kibanda cha makuti au cha nyasi, upenuni pake kibaraza. Kwenye kibaraza, Bi Ukili amekaa, mgongo kwa mtazamaji. Upanga hauko kiunoni, umelazwa chini kando. Na kofia ameivua. Miaka yote ile Usi hakupata kumuona amevua kofia. Nywele zake zilikuwa nyeupe, au ni mwanga tu.

Na pembeni yake kulikuwa na mtu.

"Hapo ndipo," Usi alisema. "Hapo ndipo pahala."

"Unapajua?"

"Hajapata kunionesha. Huyu nani?"

Masuma akaikuza tena, vipande vikarudi. Mtu yule alikuwa kivuli chenye mabega, amekaa karibu sana na Bi Ukili, hana kofia, hana silaha iliyoonekana. Hakuwa katika watu wa tumbo wala wa pembe. Usi aliwapitisha mmoja mmoja kichwani wote aliosimuliwa. Hakuwemo.

"Adui huyu?" Masuma aliuliza.

"Adui hukai naye hivyo."

"Labda ni mtu wa kuuza chai tu, mzee. Magemu yana watu kama hao, wa kujaza pahala."

"Na kwa mtu wa chai mtu anavua kofia?"

Masuma akasema kuna watu mtandaoni, mabingwa wa magemu ya zamani ya Kijapani, huko Japani kwenyewe na Brazili na wapi, atawapelekea picha. Akaandika kwa Kiingereza, na Usi akamtaka amsomee kwa Kiswahili kila alichoandika, asije akatia chumvi. Akaituma. Mmoja akajibu kwamba picha ni ndogo mno. Mwengine akasema diski hiyo haikupata kuuzwa nje ya Japani, na hajui mtu aliyeimaliza. Wa tatu akatia kikatuni kinacholia. Tangu hapo, kimya.

Usi anapita bado, baada ya alasiri. Masuma amemchapishia ile picha kwenye karatasi, lakini karatasi imeifanya mbaya zaidi, Bi Ukili ameingia ndani ya mvua. Kwa hiyo anaomba afunguliwe kwenye kioo, ndogo vile vile, anaitazama. Hazungumzi habari za Hamid siku hizi, wala za madaktari. Akishatazama vya kutosha anauliza lile lile, na Masuma, mikono yake imo ndani ya simu ya mtu, anatikisa kichwa bila ya kuinua macho.

"Hebu tazama tena, mwanangu. Huyu aliyekaa naye ni nani?"